Ukiona Vyaelea: Maisha ya Maurits Escher

Hebu, msomaji mpendwa, chukua kalamu na karatasi. Chora mraba mmoja. Chora mraba wa pili wenye ukubwa uo huo, ukiupandisha juu kidogo na kuusogeza kulia, hata miraba hiyo miwili ikapandiana. Kisha unganisha kila pembe ya mraba wa kwanza na pembe iliyo mwenzake katika mraba wa pili. Ulicho nacho mbele yako ni mistari kumi na miwili iliyolala juu ya karatasi bapa. Hata hivyo, jicho lako litakataa katakata kuona mistari tu. Litaona kisanduku chenye mbele na nyuma, kisanduku ambacho ungeweza kutia kitu ndani yake. Tena ukikikazia macho kwa muda, kitajigeuza ghafla: upande uliokuwa mbele utarudi nyuma, na ule wa nyuma utakuja mbele. Mnamo mwaka wa 1832, mwanasayansi Mswisi aliyeitwa Louis Albert Necker alilieleza jambo hili baada ya kuliona katika michoro ya fuwele alizokuwa akizichunguza. Wino haukusogea wala karatasi haikutikisika. Kilichogeuka kilikuwa ndani ya mtazamaji.

Wahenga wetu walisema kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Aghalabu methali hii hutumiwa kutukumbusha kwamba nyuma ya kila chombo kinachokwenda majini pana fundi aliyetokwa na jasho. Katika makala haya tutaitumia kwa maana iliyo jirani na hiyo. Umbo linaloonekana kuinuka kutoka kwenye karatasi halikuinuka lenyewe. Limeundwa, na fundi wake si mchoraji peke yake. Nusu ya kazi hufanywa na jicho la anayetazama, bila ya mwenye jicho kujua kuwa amepewa kazi. Msanii aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kulifumania jicho katika shughuli hiyo ya siri alikuwa Mholanzi, Maurits Cornelis Escher.

Escher alizaliwa tarehe 17 Juni 1898 katika mji wa Leeuwarden, kaskazini mwa Uholanzi. Baba yake, George Arnold Escher, alikuwa mhandisi wa ujenzi ambaye katika ujana wake aliwahi kufanya kazi nchini Japani. Mama yake, Sara Gleichman, alikuwa mke wa pili wa mhandisi huyo. Maurits alikuwa kitindamimba katika nyumba ya wavulana watano. Mwaka wa 1903 familia ilihamia mji wa Arnhem, na huko ndiko alikokulia na kusomea.

Alikuwa mtoto mwenye afya dhaifu, na shuleni nyota yake haikung'ara. Alirudia darasa, na mtihani wa mwisho wa shule ya upili ukamshinda. Hesabu na aljebra zilimtoa jasho. Yeyote aliyemwona wakati huo asingekisia kuwa siku moja mabingwa wa hisabati wangefunga safari kwenda kuitazama kazi yake. Alichokuwa nacho ni mkono wa kushoto uliopenda kuchora, pamoja na subira ya fundi, maana alifundishwa pia useremala.

Baba yake alitamani kijana asomee usanifu wa majengo, kazi yenye heshima na mshahara wa kutegemewa. Kwa sababu hiyo, mwaka wa 1919 Escher aliingia katika chuo cha usanifu na sanaa za mapambo mjini Haarlem. Baada ya siku chache tu aliionyesha michoro yake kwa mwalimu wa sanaa ya kuchapa, Samuel Jessurun de Mesquita, Myahudi ambaye asili ya ukoo wake ilikuwa Ureno. Mwalimu alitambua kipaji alichokiona. Alimshauri kijana aache majengo na kujiunga na darasa lake, na wazazi, ingawa kwa shingo upande, wakakubali.

Yafaa tuieleze kazi aliyojifunza Escher kwa de Mesquita, kwa kuwa ndiyo iliyomfundisha kuuheshimu ubapa. Anayechapa kwa mbao huchukua ubao uliosawazishwa, akachora juu yake, kisha akachonga na kuondoa kila sehemu anayotaka ibaki nyeupe. Wino hupakwa juu ya sehemu zilizobaki, karatasi hulazwa juu yake na kukandamizwa. Picha hutoka ikiwa imegeuka, kulia kukawa kushoto. Mchongaji wa namna hii hana rangi za kumsaidia wala hawezi kufuta alichokwisha kukikata. Ana weusi na weupe tu. Mlima ukitokea, ukungu ukitanda, au ukuta ukionekana kupokea mwanga wa jua la asubuhi, yeye anajua vyema kuwa hakuna mlima wala ukungu wala jua. Pana mikato ya patasi tu.

Mwaka wa 1922 Escher alisafiri katika nchi za Italia na Uhispania. Aliipenda Italia mno hata akaamua kuishi huko. Mwaka wa 1923 alikutana na Jetta Umiker, binti wa familia ya Kiswisi, na tarehe 12 Juni 1924 wakafunga ndoa katika mji wa Viareggio. Wakafanya maskani yao Roma. Watoto wao wawili wa kwanza, George na Arthur, walizaliwa mwaka wa 1926 na 1928. Wa tatu, Jan, alizaliwa mwaka wa 1938, wakati familia ilikuwa imekwisha kuhama.

Karibu kila majira ya kuchipua, Escher alifunga mzigo wake na kwenda kwa miguu katika vijiji vya milimani, katika maeneo ya Abruzzi, Calabria na kisiwa cha Sisilia. Alirudi nyumbani na michoro, na katika miezi ya baridi akaigeuza kuwa chapa za mbao na za jiwe. Mojawapo ya kazi bora za kipindi hicho ni Castrovalva ya mwaka wa 1930. Mtazamaji anajihisi amesimama ukingoni mwa jabali. Karibu na miguu yake pana mimea iliyochorwa kwa ukubwa, jani kwa jani. Njia inapinda kuelekea kijiji kilichoning'inia juu ya mwamba, na huko chini kabisa bonde limelala na nyumba zake ndogo mfano wa punje za mtama. Si ajabu mtu mwoga wa vilele akaitazama picha hiyo na kusikia kizunguzungu.

Kizunguzungu hicho kinatoka wapi, ilhali karatasi haina kina? Kinatokana na kanuni chache ambazo wachoraji wa Ulaya walizitungia utaratibu mwanzoni mwa karne ya 15 katika mji wa Florence, wakiongozwa na msanifu Filippo Brunelleschi. Kitu kinachokifunika kingine huhesabiwa kuwa kiko mbele. Vitu viwili vya aina moja vikichorwa kwa ukubwa tofauti, kilicho kidogo huhesabiwa kuwa kiko mbali. Mistari iliyo sambamba, kama vile kingo za barabara, huchorwa ikikaribiana kadiri inavyokwenda mbali, hadi inapokutana katika nukta moja. Kivuli huonyesha upande ambao mwanga unatoka na jinsi uso wa kitu ulivyojikunja. Hakuna hata moja kati ya kanuni hizi iliyo na kina ndani yake. Zote ni dalili tu. Jicho huzipokea kama hakimu apokeavyo ushahidi, kisha hutoa hukumu haraka kiasi kwamba mtu hufikiri ameona, kumbe ameamua.

Maisha ya Roma yalikatizwa na siasa. Utawala wa kifashisti wa Mussolini ulikuwa umeingia hadi madarasani. George, mtoto wa miaka tisa, alipotakiwa kuvaa sare za vijana wa chama hicho shuleni, Escher, ambaye hakuwa mtu wa siasa, aliona kuwa imetosha. Mwaka wa 1935 familia ilihamia Uswisi. Huko alizungukwa na theluji na milima ambayo haikumsisimua hata kidogo. Alikuwa amepoteza nchi ambayo macho yake yaliishi kwayo.

Pengine hasara hiyo ndiyo iliyomzaa upya. Mwaka wa 1936 aliiandikia kampuni moja ya meli akapendekeza kuwa yeye na mkewe wasafirishwe katika Bahari ya Kati, naye ailipe kampuni kwa chapa za picha. Kampuni ilikubali. Safari hiyo iliwafikisha tena Granada, Uhispania, kwenye kasri la Alhambra ambalo Waislamu wa Andalusia walilijenga katika zama za kati. Escher alikuwa amelizuru mara ya kwanza mwaka wa 1922. Safari hii yeye na Jetta walikaa hapo kwa siku kadhaa wakinakili nakshi za vigae vya kuta zake: nyota ikikumbatiana na nyota, pembe ikijaza pengo la pembe nyingine, pasibaki nafasi hata ndogo iliyo tupu. Hapakuwa na kivuli wala umbali katika nakshi hizo. Mafundi wake hawakutaka kumfanya mtu aamini kuwa ukuta una kina. Waliukubali uso bapa na kuutukuza.

Tangu hapo Escher aliacha kuchora mandhari aliyoyaona na kuanza kuchora mambo aliyoyawaza. Kaka yake wa upande wa baba, Berend, aliyekuwa profesa wa jiolojia mjini Leiden, alimwelekeza kwenye maandishi ya wataalamu wa fuwele kuhusu namna maumbo yanavyoweza kujirudia. Aliyeshindwa na aljebra akajitungia mwenyewe, katika madaftari, mfumo wa kuigawa karatasi kwa ndege, samaki na mijusi. Mwaka wa 1937 familia ilihamia Ukkel, karibu na Brussels. Mwaka uliofuata alichonga Mchana na Usiku, ambamo mashamba ya mraba yanainuka polepole kutoka ardhini na kugeuka ndege, weupe wakiruka kuelekea usiku na weusi kuelekea mchana. Mwezi Januari 1941, Uholanzi ikiwa mikononi mwa majeshi ya Wajerumani, familia ilirudi nyumbani na kufanya makazi katika mji wa Baarn.

Msanii aliyetaka kuonyesha au kuuza kazi zake chini ya utawala huo alilazimika kujiandikisha katika chombo cha utamaduni kilichosimamiwa na wavamizi. Escher alikataa. Alichonga mbao zake kimya kimya, akingoja. Pigo kubwa lilimfikia mwaka wa 1944. De Mesquita, mwalimu aliyemwonyesha njia, alikamatwa na mkewe pamoja na mwana wao. Wazazi hao wawili waliuawa katika kambi ya Auschwitz mwezi wa Februari mwaka huo. Mwana wao naye hakusalimika. Escher alipokwenda kuwajulia hali alikuta nyumba imeachwa tupu na kazi za mwalimu zimetawanywa. Alikusanya alichoweza kukibeba, akakihifadhi hadi vita vilipokwisha, na mwaka wa 1946 kazi za mwalimu wake zikaonyeshwa katika jumba la makumbusho la Stedelijk mjini Amsterdam. Karatasi moja miongoni mwa alizoziokota ilikuwa imekanyagwa na kiatu cha askari. Escher aliitunza na alama yake.

Ni katika miaka hiyo ya giza na ile iliyofuata ndipo Escher alipoyakabili kwa ukali mahusiano kati ya karatasi na jicho. Katika chapa iitwayo Reptilia ya mwaka wa 1943, daftari la michoro limefunguliwa mezani likiwa na mijusi bapa walioshikamana. Mjusi mmoja anachomoza mguu, anajitoa karatasini, anatambaa juu ya kitabu na juu ya umbo lenye nyuso kumi na mbili, anapumua moshi, kisha anateremka na kurudi kulala tena katika ubapa wa wenzake. Tunapendezwa na jinsi alivyopata uhai. Tunasahau kuwa mjusi aliye juu ya kitabu ni bapa sawasawa na yule aliye daftarini, kwa kuwa kitabu chenyewe ni wino.

Kama kwamba alihofia tungelisahau somo hilo, mwaka wa 1945 alitoa chapa ya Tufe Tatu. Juu kabisa tunaona tufe lililokamilika, la mviringo kama chungwa. Katikati pana kisahani cha karatasi kilichochorwa mistari ile ile na kukunjwa. Chini kisahani cha tatu kimelazwa chote. Hapo ndipo tunapong'amua kuwa hata lile la juu halikuwa tufe, bali duara lenye mistari iliyopinda. Mwaka wa 1948 alichora Mikono Inayochorana. Karatasi imebanwa kwa pini. Juu yake mna mikono miwili ya shati iliyochorwa kwa mistari myepesi, na kutoka katika kila mmoja unatokeza mkono wa mtu wenye mishipa na vivuli, ukishika kalamu na kuuchora mwenziwe. Mnamo mwaka wa 1952 akamchonga joka mkaidi. Mwili wa joka huyo umepasuliwa na kukunjwa kama karatasi ilivyo, lakini yeye anang'ang'ania kuwa ana unene: anapenyeza kichwa katika tundu moja na mkia katika jingine, kisha anauma mkia wake mwenyewe. Katika kazi hizi zote Escher anafanya jambo ambalo mwanamazingaombwe halifanyi. Anatuonyesha kiinimacho, na papo hapo anatufungulia mfuko tuone jinsi kilivyofanyika.

Kwa muda mrefu hakuweza kuitegemeza familia yake kwa sanaa hiyo bila ya msaada wa wazazi. Wahakiki wengi wa sanaa waliiona kazi yake kuwa baridi na yenye hesabu nyingi mno. Wasomaji wake wa kweli walitoka kwingineko. Mwaka wa 1954 wanahisabati kutoka pande mbalimbali za dunia walikutana Amsterdam, na maonyesho ya chapa za Escher yakaandaliwa kwa ajili yao katika jumba lile lile la Stedelijk. Miongoni mwa waliovutiwa alikuwamo mwanafunzi kijana kutoka Uingereza, Roger Penrose, ambaye mwaka wa 2020 angepata Tuzo ya Nobeli ya fizikia. Akiwa amechochewa na alichokiona, Penrose alichora pembetatu ya boriti tatu ambayo kila pembe yake ni sahihi ikitazamwa peke yake, lakini pembe zote tatu haziwezi kukaa pamoja katika kitu kimoja. Msanii wa Uswidi, Oscar Reutersvärd, alikuwa amekwisha kuchora umbo kama hilo mwaka wa 1934. Penrose na baba yake, Lionel, waliyachapisha maumbo ya aina hiyo mwaka wa 1958 katika jarida la saikolojia, pamoja na ngazi isiyo na mwisho, kisha wakampelekea Escher nakala.

Wakati huo Escher mwenyewe alikuwa amekwisha kulifikia wazo hilo kwa njia yake. Mwaka wa 1958 alitoa Belvedere, jengo ambalo nguzo zake zinaanzia mbele na kuishia nyuma, na ngazi yake inasimama ndani na kuegemea nje. Makala ya akina Penrose yalimpa kuni zaidi za kuukokea moto. Mwaka wa 1960 alichora Kupanda na Kushuka. Juu ya paa la jengo, safu ya watawa inapanda ngazi bila kukoma huku safu nyingine ikishuka ngazi zizo hizo, na hakuna anayefika popote. Mwaka wa 1961 ikafuata Maporomoko ya Maji. Maji yanaanguka juu ya gurudumu la kinu, yanatiririka katika mfereji unaopindapinda ukienda mbali, kisha yanajikuta tena pale juu yalikoanguka. Kila hatua ya mfereji ni ya kuaminika. Uongo haumo katika kipande chochote; umo katika jumla. Jicho huhukumu kipande kwa kipande, na likishakubali kipande cha kwanza huona haya kukikataa cha mwisho.

Sisi tunaosoma Afrika tuna sababu ya pekee ya kulizingatia somo hili. Mwaka ule ule wa 1960, mwanasaikolojia William Hudson alichapisha utafiti uliofanyika Afrika Kusini. Watu walionyeshwa michoro yenye mwindaji aliyeinua mkuki, swala aliye karibu naye, na ndovu aliyechorwa mdogo katikati yao kuonyesha kuwa yuko mbali. Aliyesema kuwa mwindaji anamlenga swala alihesabiwa kuwa ameona kina. Aliyesema kuwa anamlenga ndovu, ambaye kwa kipimo cha rula ndiye aliyekuwa karibu na mkuki, alihesabiwa kuwa ameona ubapa tu. Haikuwa vigumu kwa aliyetaka kumdunisha Mwafrika kuuchukua utafiti wa aina hii na kudai kuwa ameona upungufu wa akili. Lakini matokeo ya Hudson mwenyewe hayakugawanyika kwa rangi ya ngozi. Wanafunzi wa shule, weusi kwa weupe, walielekea kuona kina. Vibarua ambao hawakuwa na shule, weusi kwa weupe, walielekea kuona ubapa. Kilichopimwa kilikuwa mazoea ya vitabu vyenye picha.

Baadaye mtafiti Jan Deregowski alifanya kazi Zambia kwa kutumia mchoro wa umbo lisilowezekana: uma ambao upande mmoja una meno matatu na upande wa pili una mawili tu. Wanafunzi waliokuwa na mazoea ya kuona kina walihitaji kuutazama uma huo kwa muda mrefu zaidi kuliko mchoro wa kawaida ili waweze kuunakili. Wale walioiona mistari kuwa mistari hawakupata taabu hiyo. Aliyefuzu sheria za picha ndiye aliyenaswa nazo. Tusivuke mpaka tukadai kuwa picha zote ni lugha ya kigeni. Mwaka wa 1962 watafiti wawili wa Marekani walieleza habari za mtoto aliyelelewa karibu bila ya kuona picha, naye alipoonyeshwa michoro ya vitu alivyovijua alivitaja. Kumtambua ndovu katika mchoro hakuhitaji shule. Kujua kuwa udogo wa ndovu huyo maana yake ni umbali ni makubaliano, na makubaliano hufundishwa. Wengi wetu tunaojifunza Kiswahili chuoni tutakuwa walimu. Siku mtoto atakapoutazama mchoro wa moyo au wa mche katika kitabu chake asiuone unene wake, tusikimbilie kumwita mzito. Tujiulize kwanza kama kuna mtu aliyewahi kumweleza jinsi picha inavyosema.

Miaka ya mwisho ya Escher ilimletea umaarufu ambao hakuutafuta. Mwaka wa 1955 alipewa nishani ya taifa lake. Mwaka wa 1966 mwandishi Martin Gardner alieleza kazi zake katika jarida la sayansi la Marekani, na vijana wa enzi hiyo wakaanza kuzibandika kutani. Mwanamuziki mashuhuri wa Uingereza, Mick Jagger, alimwomba picha ya kupamba jalada la sahani ya santuri. Escher alikataa, na akachukizwa kwamba kijana asiyemjua alimwita kwa jina la kwanza. Mwaka wa 1968, alipotimiza miaka 70, maonyesho makubwa ya kazi zake yalifanyika The Hague. Mwaka huo huo Jetta alirudi Uswisi, na Escher akabaki peke yake na patasi zake. Afya yake ilikuwa imedhoofika kwa miaka kadhaa. Hata hivyo, mwaka wa 1969 alichonga chapa yake ya mwisho, Nyoka, yenye pete zinazopungua kuelekea katikati na pembezoni kwa usahihi ambao mkono wa kijana ungeuonea wivu. Mwaka wa 1970 alihamia katika nyumba ya wasanii wazee mjini Laren. Alifariki tarehe 27 Machi 1972 katika hospitali ya Hilversum, akiwa na umri wa miaka 73. Aliacha nyuma chapa zipatazo 448 na michoro zaidi ya elfu mbili. Tangu mwaka wa 2002, kasri moja la The Hague limekuwa jumba la makumbusho ya kazi zake.

Tukirudi kwenye Belvedere, chini ya jengo lile la ajabu pana kijana ameketi juu ya benchi. Waliomo jengoni hawana habari. Mmoja anatazama bonde, mwingine anapanda ngazi, na mfungwa wa chumba cha chini ametoa kichwa kati ya vyuma. Kijana peke yake ameshika mkononi mchemraba usiowezekana, anaugeuzageuza akitafakari. Miguuni pake imelala karatasi yenye mistari kumi na miwili, ile ile tuliyoichora mwanzoni mwa makala haya. Sehemu mbili ambapo mistari hupandana zimezungushiwa vijiduara. Hapo ndipo jicho linapolazimika kuamua mstari upi uko mbele na upi uko nyuma, na hapo ndipo jengo zima linapotegemea. Escher aliiweka karatasi hiyo mahali ambapo kila mtu anaweza kuiona. Wengi hupitisha macho juu yake wakienda kulishangaa jengo.